Tochi ya mjomba imewaka tena
Tochi ya marehemu mjomba, ile ya bati ya betri kubwa mbili, ilikaa juu ya kabati muda mrefu. Balbu yake ya waya inatoa mwanga wa manjano, hatua chache tu umekwisha. Jana hapa Ngamiani, Tanga, nimeifungua nikaitia LED, kile kitaa kidogo cha kielektroniki, ya wati 1.

Mara ya kwanza haikuwaka kabisa. Kumbe nimegeuza chanya na hasi! Balbu ya waya haijali upande, LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Nikaigeuza, ikawaka, ila hafifu. LED nyeupe inataka volti 3 na ushee, na betri mbili zikiwa mpya ndiyo hizo 3. Zikichoka kidogo mwanga unanywea. Jirani yangu fundi redio akanipa kisakiti cha kupandisha volti, kakitoa kwenye tochi mbovu. Mungu ambariki. LED yenyewe nimeigandisha kwenye kipande cha alumini kinyonye joto, la sivyo ingeungua.

Kilichonila muda ni kuikalisha ndani ya kile kikombe kinachong'aa. Ikizama au kupanda milimita moja, mwanga unasambaa ovyo na katikati panabaki kiza. Nimeitoa na kuirudisha mpaka adhana ya magharibi.

Usiku tukaenda nayo ufukweni Sahare, maji ya bahari yametoka. Mwanga mweupe ukafika mpaka kwenye ngalawa zilizokaa kavu kule mbali, nikaona hata kamba za nanga. Mama mdogo akaishika, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kaka angefurahi."