Mita ya Vifuniko Haikuwa Mbovu

Wiki mbili nzima kila aliyepita mezani kwangu alinipa ushauri uleule: hiyo mita ya torki imekufa, irudisheni ilikotoka. Ni mita inayopima torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayotakiwa kufungua kifuniko cha chupa. Na kweli namba zilitisha. Chupa kumi za mashine moja, zilizofungwa dakika ileile, zinatoa nyutonimita 1.1, kisha 1.9, kisha 1.3, kisha 2.0. Anayesaini karatasi ya vipimo ni mimi, kwa hiyo maneno ya "imekufa" hayakunitosha.

Uniti nilishazikagua. Nyutonimita 1 ni kama pauni-inchi 8.85, au kilo-sentimita 10.2, na karatasi na skrini zilikuwa zinasema lugha moja. Nikaamua kuihoji mita yenyewe. Kilo 1 ikivuta kwenye mkono wa sentimita 10 lazima ilete 0.98. Nikabana ubao katikati ya zile nguzo nne za mpira zinazoshika chupa juu ya mita, nikafunga uzi kwenye ncha, nikaupitisha juu ya ukingo wa meza na kuning'iniza jiwe la mizani. Skrini ikasema 0.7.

Nusura nikubali kwamba wenzangu wamesema kweli. Kilichoniokoa ni kidole: nilipougusa uzi pale ukingoni niliukuta umekazwa kama waya na umeshachimba mfereji mwembamba kwenye mbao. Meza ndiyo iliyokuwa ikila uzito! Nikatafuta kapi inayozunguka laini. Kisha nikautupa ule ubao, maana ukipinda kidogo tu pembe inabadilika na hesabu inaharibika. Mahali pake nikaweka gurudumu la kipenyo cha sentimita 20, nimelipigilia kigingi cha mviringo chini ili nguzo zilishike, na uzi nimeuzungushia ukingoni mwake. Gurudumu ligeuke litakavyo, umbali kutoka katikati ni uleule. Kilo 1: 0.98. Kilo 2: 1.96. Niliwaita wote waje waone.

Basi tatizo liko kwenye ufunguaji. Nikaiondoa mita kwenye hali ya kushika kilele, yaani ya kubakiza namba kubwa kuliko zote, nikaiweka isome papo kwa papo, nikafungua chupa taratibu macho yakiwa kwenye skrini. Namba ikapanda hadi 1.2, ikaporomoka kifuniko kilipolegea, halafu ikapanda tena hadi 1.9, na hapo nikasikia ta-ta-ta ya pete ya usalama, ile iliyo chini ya kifuniko, ikikatika. Vilele viwili! Mita ilikuwa inashika kikubwa kuliko vyote: chupa hii kulegea, chupa ile kukatika kwa pete. Nikaiweka kwenye kilele cha kwanza, na chupa kumi zikaja kati ya 1.1 na 1.3. Kama yako haina hali hiyo, simamisha mkono kifuniko kinapolegea, andika, futa, ndipo uendelee.

Sifuri irudishwe baada ya kubana chupa, si kabla. Chupa nyembamba ijaze maji, la sivyo nguzo zitaiminya na kuipinda. Kiganja kikavu, mwendo mmoja, usishtue, na usikandamize kifuniko kwenda chini. Hapo watu wengi niliowaona hukosea wakidhani wanashika vizuri. Vikomo vya juu na chini vya torki inayokubalika niliviweka kwenye mita mwisho kabisa, maana taa ya kukubali na kukataa juu ya namba za uongo ni hatari kuliko kutokuwa na taa.

Na saa iandikwe. Plastiki hulegea yenyewe baada ya kufungwa, kwa hiyo chupa ya sasa hivi na chupa ya jana hazilinganishwi, na torki ya kufungulia kwa kawaida huwa chini ya ile iliyofungia. Karatasi yetu ilikuwa na safu moja ya torki. Sasa zipo mbili, ya kulegeza na ya kukata pete, na ya tatu ni saa ya kufungwa.