Nimerudi Nairobi, na ndio, nafungua galari

Haya wacha nijibu wote mara moja, manake kila nikikutana na mtu swali ni lile lile, umerudi kufanya nini. Nimerudi kufungua galari. Ya sanaa. Picha, vinyago, vitu vya kutundika na vya kusimamisha. Sijafukuzwa Uingereza, karatasi zangu ziko sawa, nimeamua tu.

Mjomba wangu aliposikia aliweka kikombe chini akaniuliza, "Mwanangu, hiyo biashara kodi ya mwezi wa kwanza inalipwa na nini?" Hakunicheka wala hakunivunja moyo, mzee ameuza mbao Gikomba tangu mimi sijaanza shule kwa hivyo hilo ni swali la mtu wa biashara. Kuna wengine waliniambia sanaa ni ya wazungu, nao nitawafikia, lakini hili la mjomba ndio lilinikalia kichwani wiki nzima, na jibu nimelipata kwa mtu ambaye sikutarajia kabisa, makamu wa rais.

Joseph Murumbi. Wengi tulimsoma shuleni kwa mstari mmoja, makamu wa pili wa rais wa Kenya, 1966, miezi michache, akajiuzulu, basi, mwalimu akapita. Ile sehemu tamu hatukuambiwa. Huyu mzee alizaliwa 1911, baba Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, mama Mmaasai, akapelekwa India akiwa mdogo akasomea huko, akarudi, akafanya kazi Somalia, halafu wakati wa hali ya hatari wenzake wa KAU, chama cha kudai uhuru, wanashikwa yeye akatoka nchini 1953 akaishia London, na hakurudi hadi 1962. Huko London mshahara haukua wa kutisha lakini alikua anapekua maduka ya vitabu vya zamani, kitabu kimoja leo kingine mwezi ujao, na ni huko alikutana na Sheila, mkutubi, wakaoana. Kwa hivyo tunaporudi na masanduku tukidhani sisi ndio wa kwanza, tulieni, kuna mtu alirudi na maktaba. Mwishowe alikua na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900, na stempu, na vinyago, na vitambaa, na vito, na picha za wachoraji waliokua hai wakati wake.

Alipoacha umakamu alisema ni afya. Waliomjua wanasema pia kifo cha rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Februari 1965, hakikumtoka moyoni, na alichokua anaona serikalini hakikumpendeza. Mimi si mwanahistoria siingii huko sana. Kinachonivutia ni alichofanya baadaye, manake watu wa cheo hicho wakitoka huenda kwa mashamba na mahoteli, yeye akaenda kuuza sanaa.

Mwenzake alikua Mmarekani, Alan Donovan. Alikuja Nigeria 1967 na serikali ya Marekani kwa mambo ya msaada wakati wa vita vya Biafra, akachoka na hiyo kazi, akaacha, akaingia kwa Volkswagen akaendesha akafika Kenya 1970. Akaenda Turkana. Akarudi Nairobi na vitu vya Waturkana akafanya maonyesho, na Murumbi akaja kuangalia, na hapo ndio urafiki ulianza. Mwanzoni mwa miaka ya 70 wakafungua African Heritage mjini kati, galari ya bara zima, si ya Kenya tu.

Sasa hapa ndio nataka msome polepole. African Heritage haikulipwa na picha za ukutani. Picha zilikuwepo, sanamu zilikuwepo, kazi za Francis Nnaggenda kutoka Uganda, za Elkana Ong'esa wa Kisii, na za wasanii wa mji wa Osogbo huko Nigeria. Lakini pesa ya kila siku ilitoka kwa shanga. Donovan alikua anabuni vito mwenyewe, shaba, fedha, mfupa, kaharabu, mafundi wanatengeneza, wateja wananunua mkufu leo na bangili kesho, na vingine vinasafirishwa nje kwa maduka makubwa. Halafu vitambaa. Halafu wakaanzisha maonyesho ya mavazi, wanamitindo na wanamuziki na wanasarakasi, wakawapeleka Ulaya na Marekani. Hata bendi walikua nayo, African Heritage Band, ndio hiyo aliyokuwemo Ayub Ogada kabla dunia haijamjua. Ukiangalia vizuri utaona galari ilikua kile chumba cha nyuma, na mbele yake kuna duka linalouza vitu vya bei ya mshahara wa kawaida, na ni duka ndio lilikua linampa yule mchongaji nafasi ya kusimamisha jiwe lake miezi sita bila kuuzwa na bila mtu kumwambia aondoe.

Nilimwelezea mjomba hivyo hivyo. Akasema, "Sasa hapo umeongea. Shanga zako ni nini?" Bado natafuta jibu, ila nimeanza na fremu. Nairobi kila mtu ana picha ya harusi au ya graduesheni haijawekwa fremu vizuri, na kufunga fremu nakujua.

Manake London kazi yangu ilikua stoo, kwa kampuni moja ya kuhifadhi na kusafirisha sanaa. Glavu, mkanda, mbao, povu, kufunga na kufungua. Watu wakisikia galari wanafikiria divai na watu wenye miwani mikubwa, lakini mimi biashara hii nimeiona kutoka nyuma, na nasema nyuma kabisa, manake picha ikiingia stoo kitu cha kwanza unaigeuza. Unaangalia mbao za fremu, misumari kama ni ya zamani au imebadilishwa, kitambaa kama kimelegea, na zaidi ya yote unatafuta karatasi zilizobandikwa. Lebo ya galari ya kwanza, namba iliyoandikwa kwa kalamu, muhuri wa forodha, lebo ya maonyesho ya mwaka fulani, jina la aliyenunua. Hizo karatasi kuukuu zilizokauka gundi ndizo zinafanya picha mbili za mtu mmoja, ukubwa mmoja, moja iende bei ya gari na nyingine ikose mnunuzi. Na nilikua nakutana na kazi za huku kwetu, nageuza, nyuma tupu. Hakuna jina la galari, hakuna mwaka, wakati mwingine hata jina la mchoraji hakuna. Hapo mnunuzi anashuka bei na dalali hana la kusema.

Ndio maana niliporudi nilienda Archives, jumba la kumbukumbu za taifa, kabla hata sijaenda kuangalia vyumba vya kukodi. Watu wa Nairobi tunalijua hilo jengo, Moi Avenue, zamani ilikua benki, tunakutania hapo, tunangojana hapo, "niko nje ya Archives uko wapi", kelele za makanga na wauza soksi, na wengi wetu hatujawahi kupita ule mlango. Ndani kiingilio ni pesa kidogo, na ghorofa ya chini yote imejaa mali ya Murumbi. Nenda tu. Na vingine viko Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 lililokua ofisi ya PC, mkuu wa mkoa, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, mahali umbali wa nchi nzima unapimwa kuanzia.

Kuna sehemu ya hii hadithi inaniuma lakini. Miaka ya 70 katikati Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na mkusanyiko wake, mpango ukiwa kwamba nyumba igeuzwe taasisi ya utafiti wa Afrika. Taasisi haikujengwa. Nyumba ikaachwa ikachakaa mpaka ikabomolewa. Alifariki 1990, amezikwa pembeni ya City Park karibu na Pinto, na Sheila akamfuata 2000. Watu wananiambia alikosea kuuza, mimi sioni hivyo, angemuuzia tajiri wa nje leo tungekua tunaviona kwa simu tu. Kosa ni la waliopokea.

African Heritage yenyewe ilifungwa 2003. Donovan alibaki na ile nyumba yake ya kifahari ya mtindo wa majengo ya udongo inayotazama mbuga ya Nairobi, ikaponea chupuchupu kubomolewa kupisha reli mpya ya SGR, ikatangazwa urithi wa taifa 2016. Yeye alifariki Desemba 2021.

Sasa wale wa "sanaa ni ya wazungu." Jameni. Galari ya Paa ya Paa ilifunguliwa Nairobi 1965, na aliyeibeba miaka yote hiyo ni Elimo Njau, Mchagga wa Marangu, mchoraji aliyesomea Makerere, yule aliyechora ukutani kwenye kanisa la Murang'a. Yeye alikua anasema kunakili kunamlaza Mungu usingizi, na ukipita Maasai Market ukaona twiga wale wale wamepangwa safu utajua alikua anasema nini. Moto ulimchomea kazi nyingi sana 1997 na bado hakufunga. Kampala yuko Daudi Karungi, mchoraji, alifungua galari ya Afriart 2002, na ni yeye ndio amemsimamia Sungi Mlengeya wa Tanzania, dada aliyeacha benki akachora wanawake weusi kwenye turubai jeupe tupu mpaka Ulaya na Marekani wanapanga foleni. Hao ni wazungu wa wapi?

Ni kweli lakini wageni wamefanya mengi, sitadanganya. Galari Watatu ilianzishwa 1969 na Wazungu watatu, halafu miaka ya 80 akaichukua Ruth Schaffner, mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbia Wanazi na baadaye akawa na galari California. Mama huyo aliwashika watu ambao hawakusomea uchoraji popote, Sane Wadu, Kivuthi Mbuno, Jak Katarikawe, akawauza nje mpaka alipofariki 1996. Kuna wanaosema aliwapenda wasiosoma kupita kiasi, kwamba mteja wa Ulaya anataka Mwafrika asiyejua shule na yeye akawapa wanachotaka. Nadhani kuna ukweli hapo. Lakini pia alikua analipa, na mchoraji mwenye watoto hachagui sana sababu za kulipwa.

Kuhusu kulipa, nimeshaulizwa na wachoraji wawili watatu kwa simu kwa hivyo naandika hapa kila mtu aone. Kazi nitachukua kwa mali kauli, tukiuza tunagawana nusu kwa nusu kama ilivyo kwa galari nyingi duniani, na najua nusu inauma. Nusu yangu inalipa kodi, taa, fremu, bima, na mtu wa kufungua mlango. Isipouzwa inarudi kwako ikiwa na lebo nyuma, jina, mwaka, vipimo, imeonyeshwa wapi. Hiyo lebo huilipii. Na kama mteja akikufuata nyumbani baada ya maonyesho ili nikatwe mimi, nitajua, mji huu ni mdogo.

Chumba nimeona kimoja Ngara, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vipuri, mwanga mzuri asubuhi ila ngazi nyembamba, sanamu kubwa haitapita. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele. Mjomba ameenda kuongea naye, amenikataza nisiende, anasema nikifika na hii sauti ya London bei itapanda.

Jambo la mwisho, na hili nawaomba kweli. Kama mzazi wako, shangazi, jirani, alifanya kazi African Heritage au Watatu au Paa ya Paa, awe fundi wa shanga, mshonaji, dereva, karani, na nyumbani kuna risiti, mwaliko wa maonyesho, orodha ya bei, picha za ufunguzi, msitupe na msichome. Niandikieni. Nitakuja mwenyewe kuzipiga picha na nitaziacha hapo hapo kwenu, na kama mzee bado anakumbuka nani alinunua nini mwaka gani, nitakuja na maandazi na daftari.