Tracy Chapman hajafa, na si mwanaume

Wateja wangu wa saluni hudai mwimbaji Tracy Chapman ni mwanaume, tena alishakufa. Naomba nilimalize hili kwa maandishi, maana nimechoka kulijibu nikiwa nimeshika kichwa cha mtu. Tracy Chapman yu hai. Ni mwanamke. Si Mjamaika, hana undugu na Bob Marley, na anachopiga si rege. Ni Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Cleveland, jimbo la Ohio, Machi 30, 1964, na muziki wake ni ule wa jadi wa Kimarekani wa gitaa na hadithi, uliotiwa roki kidogo.

Mimi nasokota dredi hapa Mianzini, Arusha. Ukutani kwenye saluni nimebandika jalada la albamu yake ya kwanza, ile ya 1988. Anaangalia chini, dredi fupi, changa, zile ambazo sisi mafundi tunasema bado hazijashika. Wateja wangu wengi ni machalii wa Ngarenaro na Sakina. Huu ni mji wa X Plastaz na Joh Makini, watoto wamekulia kwenye rap, mtu wa gitaa moja wanamwona kama mzee wa kanisa. "Sista, huyu brazameni ni nani?" Nikisema ni mwanamke, wanabisha. Nikiwawekea wimbo, wanabisha zaidi, kwa ile sauti yake nzito inayotokea kifuani. Wakishakubali linakuja swali la pili, na hilo ndilo linaloniudhi: "Sasa alipotelea wapi?"

Hakupotea. Alikataa tu kuonekana kila siku. Na kila nikifuatilia maisha yake naona kukataa kumemlipa kuliko kulivyowalipa wenzake kukubali kila kitu.

Angalia alikotoka. Wazazi wake waliachana akiwa na miaka 4, mama akabaki na mabinti wawili na pesa ya kuungaunga. Lakini mama huyo alikuwa ameshamnunulia ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, mtoto akiwa na miaka 3 tu. Gitaa lenyewe alilianza akiwa na miaka 8, na mwenyewe amesema hamu aliipata kwa kutazama Hee Haw, kipindi cha televisheni cha muziki wa kantri. Mtoto Mweusi wa mjini, amekodolea macho wazungu wa shambani na mabanjo yao. Kiwekeni hicho pembeni, tutakihitaji.

Kwa ufadhili wa mpango wa A Better Chance alipelekwa bweni, Wooster School huko Connecticut. Kasisi wa shule akaona gitaa lake limechoka, akapitisha mchango kwa wanafunzi na walimu, akanunuliwa jingine. Sisi tuliopita kwaya ya vijana ya KKKT, kanisa la Kilutheri, tunaijua michango hiyo, bahasha ikikupitia mara ya pili unajifanya unatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Wao walitoa, na albamu ilipotoka kasisi alishukuriwa kwa maandishi.

Chuo alisoma Tufts, anthropolojia. Huku akipiga gitaa mitaani Harvard Square na kwenye stesheni za treni za Boston, kofia chini. Mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, akamsikia. Baba yake Koppelman alikuwa mkubwa kwenye biashara ya haki za nyimbo, kijana akamwambia Tracy, mzee anaweza kukusaidia. Hapa kwetu mtu angeacha chuo jioni ileile. Yeye alisitasita, hakuwa na hata rekodi ya kumpa, ikabidi Koppelman aichomoe kwa ujanja kwenye redio ya chuo. Mkataba na Elektra, kampuni ya rekodi, ulikuja baada ya digrii.

Albamu ilitoka Aprili 1988. Juni 11 mwaka huo kukawa na tamasha kubwa la kutimiza miaka 70 kwa Nelson Mandela, Wembley, London. Mandela yuko gerezani, uwanja umefurika, televisheni zinarusha nchi zaidi ya 60. Tracy alipangiwa mapema, akaimba nyimbo zake, akamaliza, akashuka. Baadaye ikafika zamu ya Stevie Wonder, na ile diski yenye muziki wa kinanda chake haionekani. Stevie akaondoka na machozi. Mbele kuna watu 70,000 hivi wanasubiri, jukwaa tupu. Wakamrudisha yule dada mwenye gitaa, kwa sababu yeye hakuhitaji kufungiwa mitambo yoyote. Alipanda peke yake na kuimba Fast Car, wimbo wa kwenye albamu ile. Miezi miwili baadaye albamu ikawa namba moja Marekani, na mwaka uliofuata akabeba tuzo tatu za Grammy.

Sisi huku hatukuona kitu. Tanzania Bara haikupata kituo chake cha televisheni mpaka 1994. Tracy alinifikia kwa kaka yangu, aliyekuwa utingo wa gari za Namanga, akaja na kaseti iliyorekodiwa Nairobi. Kwenye karatasi mtu ameandika kwa peni nyekundu "Trace Chapmen".

Gitaa nilikuwa nimeanza kulijua kanisani, kwa hiyo nikajaribu. Nikagonga mwamba, nyimbo hazilingani na kaseti hata nikaze nyuzi vipi. Kumbe Fast Car inapigwa kwa kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya pili, yaani kijiti cha pili cha chuma shingoni mwa gitaa. Kapo tuitoe wapi? Tulilaza penseli ya mbao juu ya nyuzi, nyuma kidogo tu ya freti, tukaifunga na ukanda wa tyubu ya baiskeli, tukazungusha shingo ya gitaa mara mbili na kufunga fundo. Ukilegeza, uzi mwembamba unakoroma. Ukikaza mno, nyuzi zote zinapanda na kuwa kali, unaonekana wewe ndiye hujui. Ikikaa sawa, kidole gumba kinashika besi, vidole viwili vinadonoa juu, na mchezo ni huohuo unarudi na kurudi. Gitaa halisogei. Anayesogea ni yule binti wa kwenye hadithi: baba mlevi, mama kaondoka, shule kaacha ili amtunze mzee, kapata mwanaume mwenye gari, wamehama, anafanya kazi dukani, na mwisho mwanaume naye amekuwa mlevi. Watu wanaupiga kwenye harusi. Siwaelewi.

Lakini wimbo wake mkubwa kuliko wote, kwangu mimi, hauna gitaa kabisa. Ni Behind the Wall, umo kwenye albamu hiyohiyo, sauti yake peke yake mwanzo mwisho. Mtu amelala, upande wa pili wa ukuta jirani anapigwa na mumewe. Polisi wanachelewa, na wakija wanasema mambo ya mke na mume hawawezi kuyaingilia. Nimepanga Unga Limited, kwenye zile nyumba za vyumba kwa vyumba ambazo ukuta haufiki darini. Unamsikia jirani akikohoa, unasikia redio yake, unamsikia akipigwa. Asubuhi mnakutana bombani, amekishusha kilemba mpaka kwenye nyusi, na wewe unamwuliza habari za kuamka, naye anakujibu nzuri. Wimbo ule haufiki dakika mbili. Mteja akiwa kitini ukipita, huwa naacha kusokota.

Sasa turudi kwenye kukataa. Baada ya 1988 kila mtu alitaka Fast Car ya pili. Alitoa Crossroads mwaka 1989, Matters of the Heart 1992, mauzo yakashuka, magazeti yakaanza kumzika. Wakati huo kwenye mkoba alikuwa na wimbo mmoja wa bluzi, Give Me One Reason. Alishauimba kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1989, kisha akauweka. Akauficha! Ukaingia albamu ya New Beginning mwaka 1995, ukafika namba 3 Marekani na kumpa Grammy ya nne. Msanii wa hapa ukimwambia akae na wimbo mkali miaka sita ataona umetumwa na wabaya wake.

Kisha ile kesi. Rapa Nicki Minaj aliomba kutumia Baby Can I Hold You, wimbo wa Tracy, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Mwaka 2018 wimbo wa Nicki uliotumia huo wa Tracy ukavuja na kupigwa redioni Marekani, Tracy akaenda mahakamani. Januari 2021 yakaisha kwa yeye kulipwa dola 450,000. Watu walimwita mchoyo. Mimi naona aliyekataa mara zote hizo alikuwa ameshajieleza vya kutosha.

Na bado ndiye huyo aliyemfurahia Luke Combs. Huyu ni mzungu wa kantri kutoka North Carolina, mwaka 2023 akaurudia Fast Car bila kubadili hadithi, hata maneno ya kike aliyaacha kama yalivyo. Wa Tracy uliishia namba 6 Marekani mwaka 1988, wake ukafika namba 2. Kwenye chati ya redio za kantri ukapanda hadi namba moja, na kabla ya hapo hakuna mwanamke Mweusi aliyewahi kufika pale kwa wimbo alioutunga peke yake. Novemba mwaka huo chama cha kantri, CMA, kikaupa tuzo ya wimbo bora wa mwaka. Mwenye wimbo hakwenda Nashville kuchukua, alituma shukrani tu. Ndiyo maana niliwaambia muweke pembeni yule mtoto wa Cleveland mbele ya Hee Haw.

Februari 4, 2024 alitokea kwenye Grammy pamoja na Combs. Taa zikawaka kwanza kwenye vidole, kisha uso. Nywele zina mvi sasa, dredi ndefu zimeshika kisawasawa, na kwa macho ya fundi nasema hazijawahi kuwekwa nta. Anatabasamu. Combs amesimama pembeni kama mtoto wa kipaimara, anafuatisha maneno kwa midomo hata pasipo zamu yake. Sijawahi kupata wateja wengi wa kuuliza kuhusu picha ile kama wiki hiyo.

Wakitaka kujua waanzie wapi, nawaambia wauache kwanza wimbo wa gari, watafika tu. Shika albamu ya 1988 nzima, kisha ruka moja kwa moja hadi New Beginning. Telling Stories ya 2000 ni nzuri kwa kazi za mikono. Matters of the Heart inataka uvumilivu. Our Bright Future, ya 2008, ndiyo albamu mpya ya mwisho aliyotoa, na nyimbo zake kadhaa mimi nazisikiliza kwa heshima tu.