Siku Moja Maishani Mwangu: Binti Mwenye Ufunguo wa Maabara

Saa 11:40 alfajiri
Mwezi wa saba huku Lushoto baridi inauma hadi kwenye kucha. Nachemsha chai, najifunga kitenge juu ya sweta, nateremka na njia ya shuleni ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya kabichi. Nafundisha kemia katika sekondari moja ya kata, na leo kidato cha nne wana praktiko.

Saa 12:50 asubuhi
Mlango wa maabara uko wazi. Ndoo nne za maji zimepangwa ukutani, kwa sababu sinki tunazo ila bomba halitoi maji. Monita wangu anafuta meza ya mwisho.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Umefika saa ngapi?"

"Mapema, madam."

Kila siku jibu ni hilohilo. Ufunguo wa mlango nilimkabidhi tangu akiwa kidato cha tatu (wa stoo ya kemikali nakaa nao mwenyewe), na hajawahi kunichelewesha hata siku moja. Nimefundisha watoto wenye vichwa vyepesi kuliko yeye. Wa kumtegemea namna hii sijampata mwingine.

Saa 1:15
Mstarini. Mwalimu wa zamu anatangaza usafi na michango ya mahindi ya chakula cha mchana. Tunatawanyika.

Saa 2:00
Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Wanafunzi 48, bureti nane (mirija mirefu ya kupimia, yenye koki chini), kwa hiyo kila bureti watu sita. Kwenye flaski kuna mililita 25 za sodiamu hidroksaidi, ambayo ni besi, gramu 4 kwa lita, na matone mawili ya methili oranji, kiashiria kinachobadilika rangi. Kwenye bureti kuna asidi. Kazi ni kudondosha asidi polepole mpaka umanjano ugeuke rangi ya chungwa, kisha kuacha hapohapo. Tone moja likizidi, inakuwa nyekundu na unaanza upya.

Napita meza hadi meza. Kundi la kwanza wametumia mililita 22.4 za asidi, la pili 22.4, la tatu 22.5. Baada ya hapo kila ninapofika naambiwa 22.4, hata kwa wale ambao bureti yao sijaiona ikishuka. Namba imeshatembea darasani. Mtihani wa taifa ni Novemba, watoto wana hofu, naelewa.

Kwenye meza ya monita jedwali linasema 23.0, 23.2, 22.9. Wenzake wanamkonyeza afute. Anasimama.

"Madam, majibu yetu yako mbali na ya wenzetu, tena hayalingani yenyewe kwa yenyewe. Nadhani kosa ni letu. Flaski tumeisuuza kwa besi, tulitakiwa kutumia maji tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Besi inayobaki kwenye kuta za flaski inaongezeka kwenye zile mililita 25, na asidi inayohitajika inakuwa nyingi zaidi. Nililisimamisha darasa zima, nikaandika namba zake ubaoni, tukazijadili mpaka kengele ikalia. Sijawahi kuwa na kipindi kizuri kama hiki mwaka huu, na kimetokana na mtoto aliyekataa kunakili jibu sahihi.

Saa 7:00 mchana
Makande. Kidato cha kwanza wana njaa na kelele.

Saa 8:30
Nasahihisha majaribio. Karatasi ya monita ina 63. Hiyo ni C, na B inaanzia 65. Nimeirudia mara mbili nikitafuta alama nilizomnyima, hakuna. Swali la mwisho hakulimaliza, mwandiko umelegea kama wa mtu anayesinzia.

Kalamu nikaiweka chini. Ndoo nne kila asubuhi, daftari la mahudhurio, kukusanya madaftari, kuosha vifaa wenzake wakiwa wameshaondoka. Kila nilipokwama nilimwita yeye, kwa kuwa nilijua hatakataa.

Saa 10:00 jioni
Nimemwita ofisini. Ameingia akiwa amekunja mikono nyuma.

"Nimekosea, madam?"

"Hujakosea hata kidogo. Nimekuita nikushukuru." Nikamwambia yote: maji, mlango, na ile 23.0 ya asubuhi. Nikamwambia kuanzia kesho maji ni zamu ya darasa zima, na saa hiyo ya asubuhi ni yake, akae maabara asome. Maswali ya mahesabu ya kemia tutafanya pamoja kila Jumanne na Alhamisi.

Amekaa kimya muda mrefu. Halafu akafungua kamba shingoni, akaweka ufunguo mezani.

"Atakayepokea nimwandikie mambo machache, madam?"

Saa 2:00 usiku
Karatasi yake iko hapa mbele yangu, imekunjwa mara nne. "Maji yachotwe kabla ya saa 12:30, baadaye foleni inakuwa ndefu. Bureti ya 4 inavuja, usikaze sana koki, paka mafuta kidogo. Flaski zisuuzwe kwa maji tu."

Maneno mawili ya mwisho ameyapigia mstari.