Nauza baiskeli, napanda mwendokasi

Mzee yule alirudi dukani saa sita mchana, baiskeli anaisukuma, tairi jipya kalivaa begani kama mkoba. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayejizuia. Asubuhi alikuwa amekuja kutaka tairi la 26, nami nikamuuzia la 26. Huko nyumbani kahangaika nalo kwa bisibisi hadi akatoboa tyubu, na tairi halikuingia.

"Mwanangu," akaniuliza, "hivi wewe unapanda baiskeli, au unaziuza tu?"

Bosi akacheka. Mimi sikucheka, maana tiketi ya basi la mwendokasi ya asubuhi ile ilikuwa bado mfukoni mwa shati.

Kosa lenyewe lilikuwa langu na lilikuwa la kijinga. Baiskeli ya mzee ilikuwa mtumba wa Japani, zile zenye kikapu mbele na kufuli kwenye gurudumu la nyuma. Tairi lake limeandikwa 26 x 1 3/8. Mimi nilimpa la baiskeli ya gia, 26 x 1.95. Yote mawili ni "ishirini na sita" kwa mdomo, lakini ukisoma zile namba ndogo pembeni mwa tairi, la kwanza ni 590 na la pili ni 559. Hicho ndicho kipenyo cha ringi kwa milimita, pale tairi linapokaa. Milimita 31 haziwezi kuzibwa kwa nguvu wala kwa bisibisi. Mchezo huo huo uko kwenye 28: kuna ya 622 na kuna ya 635, ile ya baiskeli kubwa za chuma kama Phoenix. Nilikuwa nayajua haya. Niliulizwa namba, nikaitikia namba, sikuinama kuangalia gurudumu.

Nikambadilishia tairi, tyubu nikalipa mwenyewe, nikamfungia. Lile swali lake ndilo lililobaki.

Mimi na baiskeli ni mambo ya zamani. Nilijifunzia ya baba, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu sikuifikia siti, mwili wote umepinda upande mmoja. Kazi ya duka niliitafuta kwa mapenzi hayo hayo, hapa Kariakoo, na nilidhani nitakuwa kama fisi aliyepewa bucha. Kumbe ukishinda siku nzima mikono ina grisi, unamaliza kontena la baiskeli za mtumba leo na kesho linakuja jingine, jioni hamu ya baiskeli huna. Yangu ilikuwa inaning'inia stoo, spoku mbili za gurudumu la nyuma zimekatika, mwaka wa pili huo. Mganga hajigangi.

Jioni ile ile niliishusha.

Spoku za nyuma zina tabia ya kukatika upande wa gia, na huwezi kuzitoa bila kufungua gia kwanza, ndiyo maana nilikuwa nazikwepa. Nikafungua. Nikaweka mpya, nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikazungusha gurudumu huku kidole kimegusa breki kuona ringi inagonga wapi. Nilipoanza kazi hii fundi wetu alinionya: ringi ikikimbilia kulia, kaza spoku za kushoto pale pale na legeza za kulia, robo mzunguko tu, halafu zungusha tena uangalie. Ukikaza tu bila kulegeza utapata yai, ringi isiyo duara tena. Nimewahi kupata yai, baiskeli ikawa inaruka kama mbuzi. Safari hii nilikaa karibu saa mbili, mlinzi wa jengo akaja mara tatu kuuliza kama nalala humo.

Naishi Kimara. Anayeijua Dar anajua maana yake: asubuhi ni mteremko, jioni ni mlima. Siku ya kwanza niliondoka saa 11 na nusu alfajiri, Ubungo nikapita kama upepo, nikajiona kijana. Manzese nikakutana na ukweli. Njia ya baiskeli ipo, lakini bodaboda nao wanaijua, na muuza viatu keshatandika turubai lake katikati. Unajifunza kupiga kengele mapema na kuomba radhi mapema zaidi. Jangwani kulikuwa na tope la mvua ya usiku, nikafika kazini na mstari wa matope mgongoni kuanzia kiunoni hadi shingoni, kwa sababu madigadi niliyavua zamani ili baiskeli ionekane ya mashindano. Vijana wengi wanaokuja dukani huniomba niwavulie. Siku hizi nawaonyesha shati lile, nimelihifadhi.

Jioni, mlima wa kwenda Kimara nilisukuma. Wiki nzima nilisukuma, sioni aibu kusema. Nilichokosea ni kuanza mlima kwenye gia nzito nikingoja miguu ichoke ndipo nibadilishe, na cheni ikiwa imevutwa vile haitaki kuhama, inalia tu. Badilisha kabla, miguu ikiwa bado myepesi. Wiki ya tatu nilifika juu bila kushuka, nikaagiza juisi ya miwa glasi mbili.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe. Shati la kazi naliacha dukani, naoga kwa ndoo bomba la nyuma, bosi anasema nimegeuza duka gesti. Mvua ikiwa kubwa napanda gari, sina ushujaa huo.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuja kwenye masikio. Zamani mteja akisema "inagonga mlimani" nilikuwa nabahatisha: paka oili, kaza hapa, ukirudi tutaona. Yangu ilipoanza kugonga, nilikuwa nayo peke yangu njia nzima, ikabidi niisikilize. Nikaacha kukanyaga, ikanyamaza. Nikakanyaga, tko, mara moja kila mguu wa kulia unaposhuka. Basi haiko kwenye gurudumu, iko kwenye pedeli au krenki, ule mkono unaoshika pedeli. Ilikuwa pedeli imelegea. Sasa swali langu la kwanza kwa mteja ni moja: ukiacha kukanyaga, inaendelea kulia? Likijibiwa, nusu ya kazi imekwisha kabla sijashika spana. Na nikifunga pedeli ya kushoto namkumbusha kwamba yenyewe hukazwa kinyume, maana wengi huizungusha kama ya kulia wakaua nyuzi.

Mzee alirudi mwezi uliopita kutaka mipira ya breki. Safari hii niliinama, nikaangalia ringi kwanza, nikapima. Nilipokuwa ndani natafuta, yeye aliifuata baiskeli yangu pale ukutani, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mzee. Nimekuja nayo kutoka Kimara."

Akabonyeza tena. "Upepo mdogo."

Nikaenda kuchukua pampu.