Kegi mbili za mvinyo wa mabibo: ipi stenlesi, ipi alumini?

Mabibo yameanza kuanguka, na msimu huu juisi yangu hailali tena kwenye ndoo za plastiki. Nimepata kegi mbili kuukuu, yale mapipa ya metali ya kuwekea bia, kwa muuza skrepa wa hapa Mtwara mjini. Kabla ya kutoa hela nilitaka kwanza kuona risiti, maana kegi nyingi hubaki mali ya kiwanda cha bia hata zikiwa zimezagaa nyuma ya baa.

Kwa macho zote ni za kijivu, zimebonyea, zimekwaruzika. Fundi wa kuchomelea akachukua sumaku ya spika, akaibandika ubavuni mwa ile kubwa, ikadondoka. "Haishiki, kaka. Hiyo alumini."

Hapo ndipo sumaku inapowapoteza watu. Stenlesi ya vyombo vya chakula, ile ya aina inayoitwa 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, nayo haishiki. Sumaku ikidondoka umejua tu kwamba hicho si chuma cha kawaida, basi. Nikamwomba aipitishe polepole juu ya mshono na kwenye ukingo uliokunjwa. Pale ikavutwa kidogo, kwa mbali. Stenlesi ikikunjwa au ikichomelewa huweza kupata mvuto kiasi hicho. Alumini haipati kabisa.

Kupima kwa kunyanyua sikukuamini sana, kwa kuwa kuta za kegi ya alumini hutengenezwa nene zaidi. Tukabonyeza vali gesi yote iishe (usiruke hatua hii, kegi yenye presha si ya kuchezea), kisha grenda ikaingia kazini. Ile kubwa ilirusha cheche. Ndogo haikutoa hata moja, ila jiwe la grenda lilijaa uji wa metali laini mpaka fundi akanuna.

Kipande kilichokatwa kwenye ndogo nilikiweka kwenye mzani wa duka la jirani: gramu 135. Nikakizamisha kwenye jagi lenye vipimo, maji yakapanda mililita 50. Gawanya, unapata 2.7, ndiyo alumini yenyewe. Stenlesi ingekaribia 8.

Jaribio la mwisho nililifanyia uani, mbali na jiko, nikiwa na glavu: tone la maji ya kostiki soda, hii ya watengeneza sabuni. Kwenye alumini likatoa povu na kuacha doa jeusi. Povu hilo ni haidrojeni, inashika moto. Kwenye stenlesi, kimya. Kwa hiyo ndogo haitaoshwa kwa kostiki kamwe, na klorini sitaiachia kegi yoyote, hata stenlesi hutoboka vijitundu nayo.

Kubwa itatumika kuchachushia, kwa sababu juisi ya mabibo ina asidi na itakaa humo wiki kadhaa. Ndogo itatumika kuchemshia tu, kama sufuria zetu za ubwabwa. Alumini inasambaza moto vizuri, juisi haiungui chini. Nimeichemshia maji matupu kwanza ili ijenge utando wake wa kuikinga, na steelwire haitaigusa.

Bado koki. Vijiti vya fundi havichomelei alumini, kwa hiyo tutatoboa na kufunga kwa nati na washa za silikoni. Koki ya stenlesi ya nusu inchi sijaiona madukani hapa, nimeagiza Dar.