Siku moja na makombe ya mabega

Saa moja asubuhi nimeshafika. Nafungua madirisha, natandika vitanda, naangalia kitabu cha miadi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kabla hujauliza: hapana, sishindi nikikanda watu.

Saa mbili hadi saa nne ni magoti na viuno. Yanakwenda bila maneno mengi.

Saa nne na nusu anaingia fundi rangi aliyepangiwa saa nne. Hajakaa vizuri, simu inaita, anapokea. Namsubiri. Mkono wake wa kulia haufiki darini tena, na huwezi kupaka dari kwa mkono unaoishia usawa wa sikio. Namwambia avue shati ageuke. Anaguna.

"Dokta, bega linauma huku mbele, wewe unahangaika na mgongo!"

Nahangaika na kombe, kaka. Mfupa ule bapa wa pembetatu uliolalia mbavu, kuanzia ya pili hadi ya saba. Haukuungwa na mbavu hizo hata kidogo. Mfupa pekee unaoufunga na kiwiliwili ni mtulinga, ule wa mbele chini ya shingo. Kwingine kote unashikiliwa na misuli, na vitabu vingi huhesabu 17. Ukiinua mkono hadi juu kabisa, digrii 180, takriban 120 hutoka kwenye kiungo cha bega chenyewe, na 60 zilizobaki ni kombe linalojizungusha juu ya mbavu. Likigoma, utapaka ukuta, dari utaiangalia tu.

Hataki somo. Anataka akandwe, kwa sababu jirani yake alikandwa akapona. Namwomba aweke viganja ukutani asukume. Simu tena. Anapokea kwa mkono mmoja, mwingine bado uko ukutani. Namwomba aiweke chini, anasema ni mteja. Mimi je?

Hatimaye anasukuma kwa mikono yote miwili. Kombe la kushoto limetulia. La kulia ukingo wake wa ndani unachomoza polepole, unaacha mgongo na kusimama kama bawa, naweza kupenyeza vidole chini yake. Msuli unaotoka ubavuni na kulibana kombe kifuani haufanyi kazi, na mara nyingi tatizo huwa ni neva yake, ile ndefu inayoshuka kifuani, rahisi kuumia. Namuuliza kuhusu mizigo. Kumbe ngazi na ndoo za rangi huzibeba begani, lile lile la kulia.

Nampiga picha kwa simu yake mwenyewe. Anaitazama muda mrefu, kisha anasema ndivyo alivyozaliwa. Namwonyesha upande wa kushoto. Kimya. Halafu: "Sasa hapo ukikanda, si litarudi?"

Neva haikandwi. Namwandikia barua ya kwenda kwa daktari akapimwe neva, namfundisha mazoezi mepesi, na kumwambia ukweli kwamba huenda ikachukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Mchana sikumbuki nilikula saa ngapi. Walifuatana wa shingo, wa kiharusi, mtoto wa nyonga, na mabega yangu mwenyewe yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Najua kabisa ni misuli gani. Sikuwa na nafasi ya kuinyoosha.

Jioni najaza mafaili, simu ya mapokezi inalia. Ni fundi. Miadi ijayo atakuja, ila anauliza kama dakika kumi za kukandwa zimo.